Muhuri juu ya muhuri

Mama alikichukua cheti changu cha polisi cha tabia njema mezani, akakipeleka kwa kijana wa saiba pale karibu na kivuko cha Likoni, na jioni akakirudisha kimetiwa plastiki pande zote, kinang'aa kama sinia la harusi. Alikuwa ametoa pesa zake mwenyewe. "Nimekuwekea kisilowe," aliniambia, akanikabidhi kwa mikono miwili. Ilikuwa Juni 2023, mvua za masika zilikuwa bado hazijatuacha, na paa letu lina mahali panapovuja ambapo kila mtu nyumbani anapajua.

Nilimshukuru. Sikuwa na moyo wa kumwambia papo hapo kwamba karatasi ile, yenye nembo ya polisi na kile kimraba cha QR, ndiyo kwanza ilikuwa inaanza safari. Ilitakiwa igongwe muhuri Nairobi, igongwe muhuri wa pili Nairobi hukohuko, kisha ivuke bahari ikagongwe wa tatu Maskati. Na muhuri wa wino haushiki juu ya plastiki.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Nilikuwa nimefundisha miaka 9 upande wetu huu wa Likoni na Kwale, na mwaka huo shule moja ya binafsi huko Oman ikanipa kazi. Waliniletea orodha ya karatasi walizozitaka: shahada, barua za shule nilizopita, cheti cha kuzaliwa, na cheti cha polisi cha tabia njema, "kilichothibitishwa kwa matumizi nje ya nchi, kisichozidi miezi 3 tangu kutolewa." Cheti chenyewe nilikijua, maana hapa kwetu huwezi kuajiriwa hata kuwa mlinzi wa duka bila kuulizwa gudi kondakti. Lililonitatiza ni hilo neno kilichothibitishwa. Kithibitishwe na nani? Si polisi wamekwisha kusema?

Naandika haya kwa sababu tangu niondoke, hazipiti wiki mbili bila msichana fulani kutoka nyumbani, muuguzi au mwalimu au mpishi, kunitumia ujumbe wa swali hilohilo. Wengi wao wameshatozwa pesa na mtu fulani kabla hawajaniuliza.

Mwanzo wake si mgumu. Unaingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unafungua huduma ya Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai, unajaza, unalipa ada kwa M-Pesa (2023 ilikuwa shilingi 1,050), unachapa risiti na fomu ya C24. Fomu hiyo ichapwe mbele na nyuma kwenye karatasi moja, maana ndiyo itakayobeba alama za vidole vyako. Kisha unaichukua pamoja na kitambulisho chako hadi Huduma Centre, au ukiwa Nairobi hadi makao makuu ya upelelezi kwenye barabara ya Kiambu. Sitakaa sana hapo. Jambo moja tu: hakikisha jina lako limeandikwa sawasawa katika kitambulisho na pasipoti, herufi kwa herufi, kabla hujalipa chochote. Sisi watu wa Pwani tuna majina kama Mwanasiti na Mwanahamisi, ambayo huku huandikwa neno moja na kule maneno mawili. Kwetu ni jina lilelile. Kwa karani wa ng'ambo ni watu wawili.

Kwenye foleni ya alama za vidole, mbele yangu alikuwapo mzee mmoja, shati lake limefuliwa likapigwa pasi hata mikunjo ya mikono ikasimama. Afisa, kijana mpole, alikishika kidole gumba cha mzee, akakiviringisha kwenye bati la wino mweusi, kisha ndani ya kisanduku cha kwanza cha fomu, kutoka ukingo mmoja wa kucha hadi wa pili. Kilichobaki kwenye karatasi kilikuwa doa tu. Akakifuta kwa kitambaa chenye spiriti, akakikausha, akajaribu upya kwa wino mchache zaidi. Doa tena.

"Mzee wangu, wafanya kazi gani?"

"Mwashi, mwanangu. Nimeshika saruji tangu sijaoa."

Mistari tunayoiona kwenye ncha za vidole ni matuta madogomadogo ya ngozi, na saruji huyala. Huyala na chokaa pia, na mawe, na sabuni kali za wanaofua nguo za watu. Afisa alimweleza taratibu: aende apumzishe mikono kwa muda, apake mafuta asubuhi na usiku, asiguse saruji, kisha arudi, matuta yatakuwa yamepata nafuu. Mzee akaiangalia mikono yake mbele na nyuma kama mtu anayeangalia kitu alichoazimwa. Mwanawe alikuwa amempatia kazi ya ulinzi, akasema, kazi ya kukaa, aache kubeba. "Sasa nisiposhika saruji hizo siku zote, mwanangu, nyumbani tutakula nini?" Afisa hakuwa na jibu, na ninamheshimu kwamba hakujifanya analo. Alimwandikia nyuma ya risiti siku ya kurudi, akamwambia aje moja kwa moja kwake, asipange foleni.

Bado namfikiria mzee yule. Nyumba ngapi za Mombasa zimesimama kwa mikono ile, na mikono yenyewe haiwezi kuthibitisha ni ya nani.

Zamu yangu ilipofika, tatizo langu lilikuwa jingine. Wiki hiyo tulikuwa na harusi ya binamu yangu Diani na vidole vyangu vilikuwa na hina mpaka kwenye ncha. "Haina neno, dada," alisema, "wino utaishinda. Ingekuwa mashine ya kioo, hapo ningekuambia ungoje." Kisha akanifundisha jambo ambalo sasa namwambia kila anayekwenda: legeza mkono, usisukume kidole mwenyewe, mwachie yeye akivingirishe. Ukisukuma, alama huburuzika. Mkono wa kulia kwanza, kuanzia gumba. Halafu wa kushoto. Mwisho vidole vinne vya kila mkono kwa pamoja. Alinishika kidole kimoja kimoja jinsi ninavyowashika watoto wa darasa la kwanza nikiwafundisha kuandika herufi a.

Wino ule hautoki kwa sabuni siku ya kwanza. Nilirudi nao kwenye feri, umejaa pembeni mwa kucha, na hapo ndipo babu yangu aliponijia.

Babu alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huko Kilifi akiwa kijana, kabla ya vita vya Hitler. Alikuwa na kipande. Leo neno hilo twalitumia kwa kitambulisho chochote, lakini chake kilikuwa kipande hasa. Sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika ilitungwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kufanya kazi alichukuliwa alama za vidole, akapewa karatasi iliyoandikwa jina lake, kabila lake, nani amemwajiri, kwa mshahara gani, aliingia lini na kuachishwa lini. Karatasi ikawekwa ndani ya kikopo cha bati, kikopo kikafungwa kamba, kamba ikavaliwa shingoni. Ukikutwa huna, ni faini au jela. Hilo lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomfanya Harry Thuku, mtetezi wa haki za Waafrika enzi hizo, asimame na kusema mbele ya umma, akakamatwa Machi 1922, na watu waliokwenda kudai aachiliwe wakapigwa risasi mbele ya kituo cha polisi Nairobi. Kipande cha namna ile hakikuondolewa mpaka 1947. Babu alikuwa akisema kikopo kiligonga kifuani kikilia kama kengele ya mbuzi, na kwamba jambo lililomuuma kuliko kamba ni kuwa yeye hakujua kusoma, kwa hiyo alitembea miaka na maneno ya mwajiri shingoni bila kujua yasema nini juu yake.

Sisemi cheti changu ni kipande. Nilikiomba mwenyewe, nilikilipia, nilikisoma, na hakuna aliyenifunga kamba. Lakini nilipouona ule wino kwenye kucha nilielewa kwa nini mama, binti yake, alipopata cheti chenye jina la mwanawe alikimbilia kukihifadhi. Mama alijifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la gumbaru, na cheti kile alikisoma chote, mstari kwa mstari, kidole chake kikifuata maneno.

Ilichukua kama wiki mbili, ujumbe ukaja, nikakipakua. Ndipo na mimi nikakisoma vizuri. Tunakiita cheti cha tabia njema, na jina hilo limekibebesha mzigo usio wake. Cheti hakisemi kwamba mimi ni mtu mwema. Chasema kwamba alama za vidole hivi zimetafutwa katika kumbukumbu za makosa ya jinai na halikuonekana kosa. Basi. Naweza kuwa mchoyo, mzushi, mwalimu mvivu, na cheti kikatoka kilekile.

Anayejua tabia yangu ni naibu chifu wetu. Alinijua nikiwa na mikia miwili ya nywele. Yeye ndiye aliyewahi kuniandikia barua ya kufungulia akaunti yangu ya kwanza ya benki, akaandika kwa mkono wake kwamba anamfahamu mwenye barua na wazazi wake. Hiyo ndiyo barua ya tabia njema. Lakini muhuri wake haufiki mbali. Ukivuka kivuko tu, watu wa kisiwani wanauliza ni chifu wa wapi huyu. Muhuri wa polisi unafika nchi nzima nao haunijui ila kwa vidole. Na kadiri nilivyozidi kupanda, kwenda wizarani, kwenda ubalozini, nilikutana na mihuri inayofika mbali zaidi na inayonijua kidogo zaidi, mpaka ule wa mwisho ambao haukuwa na habari yoyote na mimi.

Hili ndilo ninalotaka wasichana wanaoniandikia walielewe, kwa sababu ukilielewa hutatapeliwa kwa urahisi. Kuthibitisha cheti kwa matumizi ya nje hakuna maana kwamba mtu amechunguza upya kama una makosa. Hakuna anayefungua tena faili lako. Kila ofisi inathibitisha sahihi na muhuri wa ofisi iliyotangulia, na hakuna zaidi.

Ni kama posa za zamani. Upande wa mume hauji wenyewe mlangoni, hutumwa mshenga. Baba wa binti hamjui mvulana, lakini anamjua mshenga, na mshenga anamjua mjomba wa mvulana, na mjomba ndiye aliyemlea. Neno la mjomba linafika sebuleni kwa sababu kila mmoja njiani anamjua wa nyuma yake. Wizara ya Mambo ya Nje ina vielelezo vya sahihi na mihuri ya maofisa wa idara nyingine za serikali. Karani anakitazama cheti chako, analinganisha, anaridhika kwamba kweli kimetoka kule kinakosema, anagonga muhuri na kutia sahihi. Ubalozi wa Oman hauna haja ya kumjua afisa wa polisi wa Kenya. Una vielelezo vya sahihi za maofisa wa wizara yetu. Unaithibitisha sahihi ya wizara. Ukifika Maskati, wizara yao ya mambo ya nje inaijua sahihi ya ubalozi wao. Kwa hiyo ukiruka hatua moja umemwondoa mshenga mmoja, na sebuleni hakuna atakayekufungulia. Watu wengi huenda ubalozini kwanza, kwa kuwa ndiko kwenye visa, wakarudishwa, wakadhani wamenyanyaswa.

(Hati za wakili, kama kiapo au uwezo wa kumwakilisha mtu, hupitia kwanza kwa Msajili wa Mahakama Kuu kabla ya kufika wizarani. Vyeti vya masomo vina mlango wao. Uliza mlango wa kila karatasi kabla ya kupanda basi.)

Basi nikarudi kwenye plastiki ya mama. Nilimweleza usiku, tukiwa tumekaa barazani. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Nimekuharibia, mwanangu?" Nikamwambia hapana, na ilikuwa kweli, kwa sababu siku hizi cheti kinakaa kwenye akaunti yako na unaweza kukichapa tena. Tarehe haibadiliki hata ukikichapa mara kumi, na miezi yangu 3 ilikuwa inahesabiwa, lakini karatasi safi nilipata kesho yake. Bahati hiyo sikuwa nayo kwa cheti changu cha kuzaliwa cha zamani, kilichotiwa plastiki nikiwa shule ya msingi. Hicho ilinibidi niombe kingine. Kama una karatasi ambayo siku moja huenda ikavuka mpaka, iweke kwenye bahasha ngumu. Plastiki ni ya picha.

Nilipanda treni Miritini saa 9 alasiri, nauli shilingi 1,000 kwa wakati huo, nikafika Nairobi usiku nikalala kwa shangazi yangu Eastleigh. Asubuhi nilishuka mjini hadi Harambee Avenue, jengo la Old Treasury, makao ya wizara. Nilikuwa na cheti halisi, nakala yake, nakala ya pasipoti na ya kitambulisho. Foleni ilikuwa ya watu wa kila aina: vijana wenye shahada ndani ya mirija ya plastiki, mama mmoja kutoka Busia na cheti cha ndoa cha binti yake, mwanamume aliyekuwa amesafiri kutoka Mandera, karibu kilomita 1,000, kwa ajili ya karatasi mbili.

Nje, kabla sijaingia, kijana mmoja aliyevaa vizuri alinifuata. "Dada, ni uthibitisho? Usipoteze siku. Elfu kumi na mbili, wizara na ubalozi, jioni unachukua." Alinionyesha kwenye simu picha za mihuri kama muuza vitenge anavyoonyesha nakshi. Nilikataa, na si kwa ushujaa. Nilikuwa nimeshasikia yaliyomkuta rafiki wa binamu yangu, muuguzi, ambaye alimpa broka mmoja cheti chake na akarudishiwa kimejaa mihuri mizuri. Ubalozi wa nchi aliyokuwa akienda ulilinganisha sahihi na vielelezo vyake. Haikufanana. Kazi ikaenda kwa mwingine. Alichoniambia, na macho yake yalikuwa yamejaa, ni kwamba cheti chake cha kutokuwa na kosa ndicho kilichomfanya akaribie kushtakiwa kwa kosa la kughushi. Yeye mwenyewe hakuwa na hatia yoyote isipokuwa haraka. Najua wapo wanaotumwa kihalali kukupangia foleni, na kwa mtu wa Mandera huyo anaweza kuwa nafuu kuliko basi. Lakini mtu anayekuahidi jioni ileile mihuri ya ofisi mbili, bila risiti ya serikali mkononi, anakuuzia wino.

Kwangu mihuri yote miwili ya Nairobi ilipatikana bila kelele, ila si siku moja. Ukijumlisha nauli, chakula, siku za kazi nilizokosa, na zawadi ya shangazi ambaye hakuiomba lakini huwezi kulala kwa mtu mikono mitupu, gharama za mihuri zenyewe zilikuwa ndogo kuliko zote. Aliyezaliwa Nairobi anaulipia muhuri. Sisi wengine twaulipia muhuri na barabara.

Na hapa ndipo nitakaposema kwa sauti, kwa sababu nilipokuwa nangoja siku ya pili nilikaa nikasoma. Kuna njia nyingine, imekuwapo tangu kabla Kenya haijapata uhuru. Tarehe 5 Oktoba 1961, mjini The Hague, Uholanzi, nchi kadhaa zilikubaliana kufuta mnyororo huu. Badala ya wizara, ubalozi na wizara, ofisi moja tu ya nchi inayotoa hati inabandika cheti kinachoitwa apostili. Kielelezo cha mkataba ni mraba wenye upande usiopungua sentimita 9, kichwa chake kimeandikwa kwa Kifaransa hata kama mengine yote ni ya lugha nyingine, na ndani mna vipengele 10 vilivyopangwa kwa nambari: nchi, nani ametia sahihi, kwa cheo gani, muhuri wa nani, wapi, lini, ofisi gani, nambari gani, muhuri, sahihi. Nayo haithibitishi tabia yako. Inathibitisha sahihi, cheo na muhuri, kama ile mihuri mingine. Lakini ikishabandikwa, nchi zote nyingine zilizomo zinaipokea bila kuuliza mshenga mwingine. Mkataba ulianza kufanya kazi 1965, na sasa nchi zilizomo zimepita 120. Tangu 2006 kumekuwa na mpango wa kuzitoa kwa njia ya kielektroniki pia, pamoja na rejista ya mtandaoni ambapo mwajiri wa mbali anaweza kuitafuta nambari mwenyewe.

Oman imo tangu 2012. Burundi imo tangu 2015. Saudia iliingia Desemba 2022, Kanada Januari 2024, Rwanda Juni 2024. Kenya haikuwamo nilipopanda treni ile. Maana yake ni kwamba mwalimu Mrundi anayekwenda Maskati, mwenye cheti kama changu, anayetamka Kiswahili kama mimi, amemaliza kila kitu kwa kibandiko kimoja cha nchi yake. Mimi niliyetoka Mombasa, mji ambao Waomani waliingia Fort Jesus yake mwaka 1698 na ambao jahazi zake zimekwenda na kurudi Maskati karne kwa karne, ndiye niliyehitaji kupita madirisha matatu.

Haingekuwa dawa ya kila safari. Falme za Kiarabu na Qatar, ambako wenzetu wengi wanakwenda, nazo hazikuwamo wakati huo, na kwa nchi hizo mnyororo ungebaki palepale. Pia nchi iliyomo inaweza kumpinga mgeni anayeingia, kama Ujerumani ilivyoipinga India, na kati ya hao wawili apostili haitumiki. Yote hayo nayajua. Bado nasema kwamba nchi inayojivunia pesa zinazotumwa nyumbani na watu wake walio nje inadaiwa na watu hao njia fupi ya kutokea. Na kama ofisi ya kutoa uthibitisho ingewekwa Mombasa, Kisumu, Garissa na Eldoret, yule mtu wa Mandera angelala nyumbani kwake siku moja zaidi na asilale benchini.

Maskati nilifika mwisho wa Agosti. Joto lilinipokea mlangoni mwa ndege kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa. Shule ilitaka cheti kitafsiriwe kwa Kiarabu na mfasiri mwenye leseni, wakanielekeza ofisi moja mtaa wa Ruwi, ngazi za juu, chini pana duka la viungo. Mfasiri alikuwa mzee wa kanzu na kofia ya kushonwa. Alikigeuza cheti, akaisoma mihuri ya nyuma kwanza, mmoja mmoja, kisha akageuza mbele akaliona jina langu. Akaniangalia juu ya miwani.

"Huyu Mwanasiti watoka Mombasa, au mimi nakosea?"

Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja, kitamu, cha taratibu. Nilisimama nikampa mkono. "Shikamoo, mzee. Natoka Likoni."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Mama yangu kazaliwa Malindi, Malindi ya Unguja si yenu." Akaagiza kahawa. Wapo wengi kama yeye Oman, familia zilizorudi kutoka Zanzibar na bara, hasa baada ya 1964, na Kiswahili wamekiweka ndani ya nyumba mpaka leo. Nilikuwa sijakisikia kwa siku nne isipokuwa kwenye simu.

Alipofika kwenye jina la cheti alisita. Akanieleza kwamba kwa Kiarabu husema husnu sira na suluk, uzuri wa sira na mwenendo. "Sira unaijua," alisema. Nilikuwa naijua tangu chuoni, sira ya Mtume, maisha yake tangu kuzaliwa. "Basi hii karatasi inadai kuijua sira yako yote," akasema, akaichukua kalamu, "na mwandishi wake hajakunywa nawe hata kikombe cha kahawa." Aliandika jina langu kwa herufi za Kiarabu, neno moja bila kuligawa, akanionyesha kabla ya kuchapa, akaniuliza kama ndivyo nyumbani wanavyolitamka. Katika safari nzima ya cheti kile hapakuwa na mwingine aliyeniuliza hivyo.

Muhuri wa tatu ulipigwa. Shuleni, mama wa ofisi ya wafanyakazi alikipokea, akakigeuza nyuma, akaigusa mihuri kwa ncha ya kalamu, mmoja, wa pili, wa tatu, akakitoboa matundu mawili, akakifungia kwenye faili. Upande wa mbele, wenye jina langu, sikumwona akiutazama.

Nyumbani, kile chenye plastiki mama hakukitupa. Amekipigilia msumari ukutani, upande usiovuja, chini ya picha ya babu. Nikipiga simu ya video nakiona nyuma ya bega lake kikimeta. Jirani akija kuuliza habari zangu, mama humsogeza pale, akaweka kidole kwenye jina langu, akamsomea.